Vitambaa Laini Nilivyoviweka Juu

Umutoni mwanangu,

Umelala usingizi wa mchana chumba cha pili, hatua kumi kutoka hapa kwenye meza yangu ya kukatia, nami nakuandikia barua kama mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Najua ni kichekesho. Ungeamka sasa hivi ukanikuta na kalamu ungesema, "Mama, unamwandikia nani, umepata mchumba?" Ningecheka, ningeisukuma karatasi chini ya kitenge cha mteja, na neno ninalotaka kukuambia lingelala tena. Limeshalala mno, sasa linanuka.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia kule Karagwe tulikozaliwa ukimbizini. Kinyarwanda changu ni cha mdomoni, kikishuka kwenye karatasi kinachechemea. Mengine yote nimejifunza mwenyewe, kutoka kwenye magazeti ya zamani ninayokatia vielelezo vya nguo. Ndiyo maana habari nyingi za dunia nazijua nusu. Nusu nyingine iliishia kwenye tundu la mkono.

Kesho basi lako linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sitakuambia habari ya sweta, wala ya maji ya kunywa, wala ya kukaa upande usiopigwa na jua. Una miaka thelathini na nne, na kwa wiki tano ulizokaa Kigali ukipigwa mionzi ya nje umezoea kujitunza bila mimi. Wamekupa siku mbili uje umwone binti yako Keza, kisha urudi waanze sehemu ya pili, mionzi ya ndani. Daktari amesema siku zisirefuke, maana tiba ikikatika katikati ugonjwa unapata pumzi. Na ukimaliza hutarudi hapa. Utabaki kwa shangazi yako Nyamirambo, karibu na hospitali, na shule zikifungwa Keza atakufuata. Umepanga vizuri. Mimi nimeachiwa kazi mbili: kumwangalia Keza na kutulia. Hiyo ya pili nimeifanya kwa ustadi maisha yangu yote, na ndiyo iliyoniketisha hapa.

Juzi uliposhuka kwenye basi, Mama Furaha, huyu mwenzetu wa Goma anayevuka mpaka na vitenge vyake, alikuja kukupa pole. Ukamshika mkono ukamwambia, "Kama si mama ningekuwa nimekufa. Yeye ndiye aliyenikokota hospitali." Mama Furaha akanitazama. Mwanamke yule akinyamaza ujue kuna jambo. Mimi nikainuka kwenda kuchemsha chai ambayo ilikuwa imeshachemka.

Umutoni, sikukuokoa. Nilijua kama miezi minane kabla ya siku ile. Jina la ugonjwa sikulijua, lakini nilijua upo.

Ngoja nianze mbali kidogo, si kwa kujitetea. Au kwa kujitetea, utaamua.

Nilipoanza ushonaji hapa Gisenyi nilikuwa na ulimi. Siku moja akaja mwanamke na mama mkwe wake kushonesha mishanana, zile nguo za harusi. Nikamzungushia futi kiunoni, nikaona, nikafurahi kama mjinga, nikasema kwa sauti, "Dada, hongera!" Mama mkwe akauliza, "Hongera ya nini?" Mume wa dada yule alikuwa kazini ng'ambo, mwaka wa pili sasa. Mimi nilipoteza mteja, yeye alipoteza nyumba. Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria: kinachosomwa kwenye futi hakisomwi kwa sauti. Mwenye mimba, mwenye kupigwa, mwenye kunywa, mwenye kuficha dawa kwenye sidiria, wote wamepita mikononi mwangu na wote wameondoka na siri zao zimepigwa pasi. Watu wakasema, "Yule fundi ana heshima." Heshima ile ilinilisha na ikakusomesha. Kosa langu ni kwamba niliiingiza nyumbani.

Unakumbuka baba yako alipofariki? Hukumbuki, maana sikukupa nafasi ya kukumbuka. Ulikuwa na miaka saba. Alikuwa mpakiaji kule Rubona, kwenye malori ya bia, akaugua siku nne, akafa. Ulikuwa Mudende kwa bibi yako, kwenye viazi. Uliporudi nikakuambia amesafiri kikazi. Nilikusudia kukuambia ukweli Jumapili. Jumapili zikapita nyingi. Kila jioni ulikuwa unambakizia nusu ya kiazi chako, unaifunika kwa kisahani, na kila asubuhi mimi naila kabla hujaamka ili udhani alipita. Nimekula viazi hivyo, Umutoni. Mpaka leo sijui niliwezaje kuvimeza.

Ukaja kuambiwa na watoto shuleni. Ulirudi, ukaweka mkoba, ukaketi, ukala kiazi chote. Hukulia wala hukuniuliza. Nikashukuru Mungu kwamba mtoto wangu ana moyo imara. Kumbe ulikuwa umejifunza kazi yangu, na bila ada.

Sasa tuje kwenye sketi yako ya bluu, ile ya kufundishia. Ulikuwa umesharudi hapa na Keza baada ya ndoa yako kuisha, tukiishi watatu kwa amani, kila mmoja akijua pa kutouliza. Mara ya kwanza ulisema, "Mama, nipunguzie kidogo, inanishuka." Nikapunguza. Walimu wenzako wote walikuwa wakitafuta kukonda, nikasema nawe umo. Mara ya pili nikapunguza zaidi. Mara ya tatu nikazungusha futi ikafika mahali ambapo haikuwahi kufika tangu ukiwa msichana wa sekondari. Nikaandika namba kwenye daftari, nikasema, "Chukua kesho." Chukua kesho! Kama mteja wa sokoni.

Na hiyo ya sketi ni ndogo. Kubwa ni ya kapu.

Chini ya meza hii kuna kapu la mabaki. Wewe unaliona takataka. Mimi najua kilichomo kama mtu wa Mudende anavyojua ng'ombe wake. Nikaanza kuona pamba zinapungua. Polista ipo, satini ipo, vipande vya vitenge vipo, pamba inakwisha. Mtu anayechukua pamba akaacha polista hashoni mto wala mdoli. Anatafuta kitu cha kunyonya maji. Na ndani ya nyumba hii mwenye kutoka damu ni mmoja: mimi nimeshapita umri, Keza hajafika. Nikahesabu. Siku zilikuwa nyingi kuliko mwezi unavyoruhusu.

Ningeweza kusimama mlangoni pako nikasema, "Binti, damu hii ni ya nini?" Maneno sita. Badala yake unajua nilifanya nini? Nikaanza kukuchagulia. Vipande vya flana, vya mashuka yaliyofuliwa mpaka yakalainika, nikavikata sawasawa, nikavipiga pasi, nikaviweka juu kabisa ya kapu ili usihangaike kuchakura. Usiku ukichukua, asubuhi naweka vingine. Sijui kama uliwahi kujiuliza ni nani anayepigia pasi takataka.

Nilidhani huo ni upendo. Labda ulikuwa. Lakini nilikuwa naushonea ugonjwa shuka la kujifunika.

Katikati ya miezi hiyo yule mshauri wa afya wa mtaa wetu alipita na daftari lake. Alisema wanawake wa umri wako waende kituo cha afya kupimwa mlango wa kizazi, ni bure na ni dakika chache. Wewe ulikuwa hapo unanisaidia kupinda. Uliinua kichwa. Nilikuona ulivyoinua kichwa. Kabla hujafungua mdomo nikasema, "Wiki hii tuna mishanana ya harusi, dada. Atakuja wiki ijayo, nyinyi hamhami." Akacheka, akaandika, akaenda. Ukainamisha kichwa ukaendelea na sindano. Wiki ijayo hiyo bado haijafika mpaka leo. Wasichana wa siku hizi wanachanjwa shuleni wakiwa wadogo. Chanjo hiyo ilipoingia nchini wewe ulikuwa umeshamaliza shule. Wewe bahati yako ilikuwa ni kupimwa, nami niliifukuza mlangoni kwa sababu ya pindo.

Najua utauliza kwa nini. Nimejiuliza kabla yako, na jibu nililonalo ni bovu. Nilikuwa nangoja uanze wewe. Nafikiri nawe ulikuwa unangoja nianze mimi. Watu wawili wenye adabu wamekutana mlangoni, huyu anasema tangulia, yule anasema tangulia, na nyuma yao nyumba inaungua.

Kisha mgongo ukaanza kukuuma, nami nikapata dawa inayonifaa mimi: chemchemi ya maji ya moto ya Nyamyumba. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, ukaloa pale kandokando ya ziwa, na yule bwana anayekanda watu akakuweka kifudifudi kwenye jiwe. Nikamwuliza mgongo una nini. Akasema, "Mama, huyu mutoto hana kitu! Ni kukaa sana. Nikimupiga hapa mara tatu, kesho anabeba mufuko ya viazi mpaka Mudende." Ulicheka. Mimi nilicheka kuliko nyote wawili. Nilirudi nyumbani nimetulia kana kwamba nimepewa cheti cha daktari.

Aliyevunja kimya alikuwa Mama Furaha. Hukusikia, ulikuwa umepita na sinia la chai ukarudi jikoni. Alikuwa amekuja kuchukua blauzi zake. Akakutazama mpaka ulipopotea, akageuka.

"Mama Toni, huyu mutoto iko naumwa nini?"

"Hana kitu. Kakonda tu. Ni kazi."

"Kazi gani? Mi niko navuka barrière mara mbili kwa siku na muzigo ku kichwa. Angalia haya makalio, imekonda?"

"Mama Furaha, chukua blauzi zako."

"Nachukua. Lakini bon, tuseme ukweli. We unapima batu yote ya Gisenyi. Unajua mimba ya mutu mbele bwana yake ajue. Ya kwako hauone?"

Nikasema kila mwili una siri zake. Nilisema hivyo, kwa ile sauti yangu ya heshima.

"Siri?" akasema. "Dada yangu alikuwa na siri vile vile. Tulimuzika akiwa na kilo za mutoto. Donc usiniletee siri."

Akachukua blauzi zake akaenda. Kesho yake nikafunga duka nikakushika mkono. Watu wa mtaa walituona tukipanda kwenda kituo cha afya, ndiyo maana wanasema nilikukokota. Ni kweli nilikukokota. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nakokotwa na mwuza vitenge.

Mengine tumeyapitia pamoja: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kile kinyama kidogo kilichokatwa kupelekwa maabara, majuma ya kungoja, kisha Kigali. Pale Kigali daktari alituambia kwamba saratani imetoka kwenye mlango wa kizazi ikaingia pembeni kidogo. Mbali haijafika, lakini kisu peke yake hakitatosha. Itakuwa mionzi ya nje, pamoja na dawa ya kwenye mshipa kila wiki, kisha mionzi ya ndani. Akasema, bila ubaya wowote, "Mngekuja mapema, njia ingekuwa fupi zaidi."

Ukainamisha kichwa. Ukasema, "Nisamehe, daktari."

Mimi nilikuwa natazama kalenda iliyotundikwa nyuma yake. Ilikuwa na picha ya sokwe. Nakumbuka sokwe yule kuliko ninavyoukumbuka uso wa daktari, kwa sababu ndiye niliyekubali kumtazama machoni. Neno lile "mngekuja" lilikuwa langu. Ulilichukua wewe, ukaliomba msamaha, nami nikakuacha nalo. Ni kwa ajili ya hilo naandika, Umutoni. Hayo mengine ni njia ya kufika hapo.

Wiki ya nne uliniita nije nisikie maelezo ya hii mionzi ya ndani. Nilifurahi kuitwa, sikukuambia. Yule mtaalamu wa mashine, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, nilimuuliza mpaka akauliza, "Samahani, mgonjwa ni nani kati yenu?" Ukasema, "Ni mimi, lakini yeye ndiye mwenye maswali." Tukacheka watatu. Ilikuwa raha, sitaficha.

Nimeshika karibu yote aliyosema. Kwamba mionzi ya nje ilikuwa inatoka mbali na kupita kwenye ngozi, na sasa wanataka kuipeleka mpaka mlangoni kwa uvimbe wenyewe. Kwamba watakupa dawa usisikie, waingize chombo chembamba chenye mirija mpaka kwenye mlango wa kizazi, na mpira wa mkojo, na utalala bila kujigeuza kwa saa kadhaa. Kisha chombo kikiwa ndani wanakupiga picha. Hapo nilisogeza kiti. Picha ile wanaiweka kwenye kompyuta, wanachora mipaka: huu uvimbe, hiki kibofu, huu utumbo. Wanakokotoa mionzi isimame wapi na kwa muda gani, ili uvimbe upate haki yake na majirani wasiungue. Ndipo punje ndogo iliyo kwenye ncha ya waya inatoka kwenye mashine, inapita kwenye mrija, inasimama hapa kidogo, pale kidogo, inarudi kwenye sanduku lake. Dakika chache tu. Chombo kinatolewa, na mwilini hakibaki kitu cha kumdhuru mtu. Ulipouliza kama unaweza kumkumbatia mtoto, alisema siku hiyohiyo. Ulipouliza kama utazaa tena, alisema hapana, na ukatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Nikamwuliza, ili niulize kitu, "Na mara ya pili mnatumia vipimo vilevile?"

"Hapana, Mama. Kila mara tunapiga picha upya. Uvimbe unapungua, kibofu kinajaa au kinakuwa kitupu. Mwili haukai kama ulivyouacha."

Ukanigusa goti. Nilikuwa nafikiria daftari langu. Mimi nami nilipima upya, mara tatu, na kila mara mwili haukuwa ule niliouacha. Tofauti yetu ni kwamba wao wakiona, wanafanya kitu.

Swali langu la mwisho lilikuwa, "Na ile punje ikiwa ndani, nani anakaa naye?"

"Hakai mtu, Mama. Tunatoka wote. Tunamwona kwenye kamera, akisema tunamsikia."

"Hata daktari anatoka?"

"Hata daktari."

"Mimi ni mzee, mionzi itanikuta na nini? Niacheni kwenye kona, sitagusa kitu."

Akatabasamu vizuri sana. "Kila mzazi anasema hivyo."

Basi hata ushujaa wangu ulikuwa mtumba, umeshavaliwa na wengine mpaka umechakaa.

Wewe ulipotangulia kutoka nilibaki nyuma nikijifanya natafuta mwavuli, nikamwuliza kama utapona. Akasema, "Tunamtibu ili apone. Zaidi ya hapo sijui, Mama, na atakayekuambia anajua, anakudanganya." Nilimpenda kwa jibu lile na nilimchukia. Na nje, chini ya ukuta wa hospitali, wewe ukaniambia nisije siku za mionzi ya ndani. "Shangazi anatosha. Nikikuona pale nje nitaanza kukuhurumia wewe, Mama, na nguvu zangu ni chache." Nikasema haya. Ningesema nini? Nilikuwa nimekaa miezi minane nikiwa na la kusema na nafasi ya kusemea. Sasa la kusema lililobaki ni "haya" tu.

Ndiyo hali yangu. Nimetafuta ndani ya nyumba nzima kitu ninachoweza kufanya ambacho kitapunguza uvimbe ule hata kwa upana wa uzi, sijakiona. Nimekushonea gauni la kufunga mbele, lenye vifungo vikubwa, ili usihangaike. Nimekuombea. Nimekasirika na niliyekuwa namwomba, kisha nikamwomba radhi kwa sababu ndiye pekee tuliye naye. Hayo ndiyo yote.

Nimefikiri pia kwamba mtu mwenye akili angengoja upone ndipo akiri. Nimelipima hilo. Huenda nakuandikia ili mimi nilale vizuri, na wewe ubebe mzigo mpya siku moja kabla ya safari. Kama ndivyo, nalo litie kwenye hesabu ya makosa yangu. Lakini nimewaza chumba kile, wote wametoka, mlango umefungwa, umelala chali usiweze kujigeuza, huna pa kwenda ila kwenye mawazo yako. Sitaki ukutane na "nisamehe, daktari" mle ndani. Si lako. Ukikutana nalo lirudishe kwangu, najua pa kuliweka.

Na jambo jingine, si agizo, chukua kama unataka. Usiwe mgonjwa mwenye adabu. Wamesema wanakusikia, basi wasikie. Kikiuma, sema kinauma. Ukiogopa, sema unaogopa, hata kama dakika ni chache na watu wana kazi. Wanawake wa nyumba hii tunasifiwa uvumilivu kila kona ya mtaa, nami nimeipokea sifa hiyo miaka mingi nikitabasamu, bila kukumbuka kwamba punda naye husifiwa hivyo na mwenye mzigo.

Jana Keza alikuwa anachambua maharage nami pale kizingitini. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Bibi, mama atapona?" Nilihisi lile la zamani likipanda kooni, tayari limepigwa pasi: mama anasafiri kikazi. Nikalimeza. Nikasema, "Sijui, Keza. Madaktari wanajaribu kwa nguvu zao zote." Akatoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni, akafikiri. "Sasa mbona unasema kwa sauti ndogo?"

Nikarudia kwa sauti ya kawaida. Sijui. Nilitoka jasho mwanangu, kwa neno la herufi tano. Yeye akaendelea na maharage yake. Baadaye akasema, "Mimi pia sijui," kwa namna ya mtu anayemsogezea mwenzake nafasi kwenye benchi. Mtoto huyo hajachelewa. Nitakaa naye mpaka shule zifungwe, na nakuahidi kwamba kila atakaloniuliza nitalijibu kwa sauti ya kawaida, hata lile.

Sijui kama utanisamehe na sikuombi. Ukiniambia "hapana neno, Mama" haraka haraka nitajua umerudia ile kazi niliyokufundisha, na nitasikitika zaidi kuliko ukinipigia kelele. Nipigie kelele. Keza nimempeleka kwa jirani kucheza, nyumba ni yako.

Barua hii naiweka juu ya viatu vyako, mlangoni mwa chumba, ili usiweze kutoka bila kuishika. Soma mpaka hapa. Mimi nitakuwa nyuma ya nyumba, naanua nguo. Ni chache. Nitazianua moja moja.

Mama yako